Kabla ya kuchomeka mkoko, pima maji

Maji yakikupwa, ufukwe wetu wa kusini unajionyesha wote. Kuanzia mdomo wa Ruvuma na Msimbati, ukipita Mikindani na Sudi, hadi Lindi mjini pale Lukuledi inapoingia baharini, utakuta mikoko imesimama kwa miguu yake, kaa wanakimbilia mashimoni, na kina mama wameinama wanaokota tondo. Lakini palipopandwa miche bila kupima utakuta jambo lingine: tope tupu, na juu yake safu zilizonyooka za vijiti vikavu, mita moja moja, mfano wa shamba la mihogo lililoungua na jua. Vijiti hivyo vilipandwa kwa nia njema kabisa. Vimekufa kwa sababu hakuna aliyeuliza swali moja kabla ya kuvichomeka: kwa nini mahali hapa mikoko haikuota yenyewe?

Swali hilo ndilo kazi yote. Mkoko mmoja mkubwa unaangusha mbegu nyingi kila mwaka, na bahari inazibeba bure mchana na usiku. Mahali penye mikoko jirani, penye maji yanayoingia na kutoka vizuri, hapahitaji mtu wa kupanda. Panajijaza. Pakikaa wazi miaka mitano huku miti mizima iko hatua mia mbili tu, ujue kuna kizuizi, na kizuizi hicho kitaua mche wako kama kinavyoua mbegu iliyoletwa na maji.

Tuanze na miti yenyewe, maana wengi husema "mikoko" wakifikiri ni mti mmoja. Mlilana ndio unaotangulia upande wa bahari, kwenye tope na mchanga unaofunikwa karibu kila siku. Nyuma yake unakuja mkoko wenyewe, ule wenye mizizi ya magongo na mbegu ndefu zinazoning'inia kama fimbo za kijani. Kisha msindi na mkandaa, palipoinuka kidogo. Mchu ni mvumilivu kuliko wote: unaweza kuukuta mbele pamoja na mlilana, na ukaukuta tena nyuma kabisa, penye chumvi kali ambapo mingine imeshindwa. Mkomafi, wenye tunda la duara kubwa kama mpira, na msikundazi hupenda nyuma, karibu na maji baridi ya mto. Majina hubadilika kutoka ghuba hadi ghuba, kwa hiyo waulize wavuvi na wakata boriti wa pale pale, na mkubaliane jina kabla ya kuagiza mbegu.

Kwenye siku za upandaji mara nyingi unapandwa mkoko tu. Sababu ni nyepesi: mbegu yake ni kubwa, imekwisha kuota ikiwa bado mtini, unaichomeka tu na kusonga mbele. Mtu mmoja anamaliza mia kadhaa kwa asubuhi. Ndiyo maana mkoko unapelekwa hata mahali pa mlilana, mahali pa mchu, na hata juu ya majani ya baharini, yale malisho ya samaki aitwaye tasi. Hili la mwisho linanikera hasa. Majani ya baharini ni hazina kama mikoko ilivyo hazina, na kuyakanyaga ili kupanda mti ambao hauwezi kuishi pale ni kupoteza viwili kwa mpigo.

Kupima kina

Mikoko huishi kwenye ukanda mwembamba. Kwa kipimo cha wima, ni kuanzia karibu na usawa wa kati wa bahari hadi pale bamvua kubwa, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, linapoishia. Chini ya hapo mche unazama, juu ya hapo unakauka. Kosa la nusu mita tu linatosha kuua kila kitu. Kwa bahati nzuri kulipima hakuhitaji fundi wala mashine.

Chagua siku ya bamvua ambayo upepo umelala. Tafuta fimbo mbili zilizonyooka za mita mbili, zitie alama kila sentimita 5. Mmoja wenu asimame kwenye mikoko mizima iliyo karibu, ya aina ile ile mnayotaka kupanda, kwenye shina lililo mbele zaidi upande wa bahari. Mwingine asimame mahali palipo wazi. Subirini maji yajae mpaka yatulie, zile dakika chache kabla hayajaanza kurudi. Wakati huo uso wa maji uko sawa pande zote mbili, kama maji kwenye sinia. Mpigiane kelele na msome kina kwa pamoja.

Tuseme penye mti pana sentimita 60 na palipo wazi pana 110. Basi pale pako chini kwa nusu mita, na mkoko hautaishi hata ukiupanda mara kumi. Tuseme palipo wazi pana 15 tu: pako juu kwa sentimita 45, na hapo mwite mchu au mkandaa. Tuseme pana 55: kina si tatizo, tafuta sababu nyingine. Rudieni vipimo sehemu tatu au nne, maana tope halijalala sawa, na sehemu zote mbili ziwe kwenye mkono mmoja wa bahari, yaani njia moja ya maji ya bahari yanayoingia nchi kavu. Ndani ya mkono mrefu maji huchelewa kufika, na mkilinganisha sehemu zilizo mbali mtadanganyika.

Visiki vya zamani husaidia pia. Kisiki cha mkoko kilichosimama kinakwambia mti huo uliwahi kuishi hapo. Lakini angalia mizizi yake ya chini, ile iliyokuwa ndani ya tope: ikiwa imeachwa juu hewani kiganja kizima au zaidi, tope limeondoka chini yake, na mahali pale si pale pa zamani tena.

Baada ya kina, chumvi. Chimba shimo la sentimita 30 wakati maji yamekupwa, subiri maji ya ardhini yajikusanye. Maji ya bahari yana takribani gramu 35 za chumvi kwa lita. Mwenye refraktomita, kifaa cha kupimia chumvi, atapata namba kamili, ila hata bila kifaa dalili zinaonekana: udongo wenye ukoko mweupe, unaopasuka kama kigae, usio na shimo hata moja la kaa. Chumvi ikifika mara mbili ya bahari, mkoko usahau. Mchu unaweza kujaribu, nao utadumaa.

Nani alifunga maji

Mkishajua kina na chumvi, fuateni maji kwa miguu. Yanaingia wapi? Yanatoka wapi? Yamekwama wapi?

Kusini huku kizuizi cha kwanza cha kutafuta ni shamba la chumvi lililoachwa. Mikoa ya Lindi na Mtwara ina mashamba mengi ya chumvi ya kukausha kwa jua, na mengine yalikatwa ndani ya mikoko au nyuma yake tu. Mwenye shamba akiacha kazi, matuta yanabaki. Bahari haiingii isipokuwa kwa bamvua kubwa, maji yakiingia hayatoki, jua linayakausha, chumvi inabaki chini. Kila mwaka ardhi inazidi kuchachuka. Kupanda ndani ya tuta kama hilo ni sawa na kupanda kwenye gunia la chumvi.

Kizuizi cha pili ni barabara. Tuta la barabara linalokatisha mkono wa bahari na kuachiwa kalavati moja jembamba, lililowekwa juu kuliko sakafu ya mkono wenyewe, linageuza upande wa ndani kuwa dimbwi. Mizizi ya mchu inayochomoza kama penseli, na ile ya msindi iliyopinda kama magoti, ndiyo pua ya mti. Ikifunikwa na maji mfululizo, wiki baada ya wiki, mti unakosa hewa. Majani yanakuwa ya njano, yanapukutika, na watu husema ni ugonjwa.

Mchanga nao hufanya hivyo hivyo. Mto ukishuka na udongo wa mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni, unaumwaga pale maji yanapopunguza kasi, yaani kwenye mikoko. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliua eneo kubwa la mikoko kwenye mkono wa Mwache, Mombasa, kwa kuifukia mizizi. Bonde la Lukuledi na bonde la Ruvuma yana milima na mashamba ya kutosha kutuletea balaa kama hilo. Kwa hiyo mtu anayeacha ukanda wa majani na miti kwenye kingo za mto huko Masasi au Nachingwea anaitunza mikoko ambayo pengine hajawahi kuiona.

Na kuna panga. Watu wengi hawajui kwamba mkoko na mchu havikatwi kwa namna moja. Mchu na mlilana ukivikata shina vinachipua tena. Mkoko mkubwa hauchipui: ukikata chini ya matawi yenye majani, umeua. Kwa hiyo mtu anayesema "nimechukua boriti tu, mti utaota tena" anaweza kuwa mkweli kuhusu mchu na akakosea kabisa kuhusu mkoko, ambao ndio boriti yenyewe inayotafutwa sokoni.

Kufungua tuta

Kabla hujagusa jembe, ruhusa. Mikoko ya Tanzania Bara ni msitu wa hifadhi wa serikali, chini ya Sheria ya Misitu Namba 14 ya mwaka 2002, na msimamizi ni Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Ukiwa ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 na yenye kilomita za mraba 650 za bahari, visiwa na nchi kavu, unahitaji pia kibali cha wenye hifadhi. Anzia serikali ya kijiji na kikundi cha BMU (kile cha wanakijiji cha kusimamia fukwe na uvuvi), waandike barua pamoja nawe. Shamba la chumvi hata likionekana limekufa lina mwenyewe, naye lazima akubali kwa maandishi. Kazi nzuri zikifanyika bila karatasi hiyo, siku mchu umefika magotini mwenye shamba anarudi na wafanyakazi wake, na hamna la kumjibu.

Ruhusa ikipatikana, kazi ni ndogo kuliko inavyofikiriwa. Usibomoe tuta lote. Tafuta mahali mkono wa zamani ulipopita: utauona kama bonde dogo linalopinda, nje na ndani ya tuta, na wazee wa chumvi watakuonyesha. Kata hapo. Fungueni angalau sehemu mbili, moja ya kuingizia na nyingine ya kutolea, na upana ufuate upana wa mkono ulioko nje. Jambo linalosahaulika ni kina: chimbeni mpaka sakafu ya tundu ilingane na sakafu ya mkono wa nje. Mkiacha kizingiti hata cha kiganja kimoja, maji yatabaki ndani yakikupwa, na mmejenga dimbwi jipya. Udongo mliochimba usiachwe kama vichuguu kando. Urudisheni kwenye mtaro ulioko nyuma ya tuta, kule ulikotolewa wakati tuta linajengwa.

Fanyeni haya mwezi wa tisa au wa kumi, kabla ya mvua. Bamvua zinaanza kuosha, kisha mvua zikishuka zinasaidia kuiyeyusha chumvi. Baada ya hapo, subira. Mwaka mmoja wa kuangalia tu, bila kupanda. Kwanza mtaona mashimo ya kaa. Hiyo ni habari njema kuliko mche wowote, kwa sababu kaa wanapitisha hewa na maji ndani ya tope. Kisha mchu mchanga, mmoja mmoja, kwenye mstari ambapo maji yaliacha takataka. Sehemu nyingi zilizofunguliwa vizuri huishia hapo: zinajijaza, na pesa ya miche inabaki mfukoni.

Pale kupanda kunapohitajika

Kuna mahali panapohitaji kweli. Miti mama imekwisha yote, au iko mbali mno, au mkondo unabeba mbegu kwenda kwingine. Hapo pandeni, lakini kwa aina inayostahili kile kina mlichopima.

Mbegu za mkoko chukua zilizokomaa tu. Alama yake ni pete ya rangi ya njano iliyochomoza kati ya tunda na ile fimbo. Tikisa tawi taratibu, iliyokomaa itaanguka. Ukiilazimisha kwa kuvuta, si ya leo. Usilichomoe tunda kichwani kwa nguvu, maana ndani yake kuna chipukizi la majani, na likivunjika mbegu hiyo ni kijiti. Tupa zenye vitundu vidogo, hizo zina mdudu ndani, na zilizosinyaa au kuvunjika ncha. Ziweke kivulini ndani ya gunia lenye unyevu, zipandwe ndani ya wiki moja. Mahali penye kaa wengi walaji, ziache kivulini siku kadhaa zaidi, hadi wiki mbili. Zikipoteza utamu wake kaa huzipuuza.

Ncha iliyochongoka iingie chini, sentimita 7 hadi 10, na mbegu ndefu sana iingie theluthi moja. Isimame wima, ukandamize tope kwa kisigino pembeni yake. Ukiacha nafasi ya mita 1 unahitaji mbegu 10,000 kwa hekta. Ukiacha mita 2 zinatosha 2,500, nami nashauri mita 2 na mpangilio usionyooka. Msitu haukui kwa safu, na nafasi iliyobaki itajazwa na mbegu za maji. Achieni njia za mitumbwi na za watu wanaokwenda kwenye pweza. Mkiwazibia njia watapita juu ya miche, na hawatakuwa na kosa.

Siku nzuri ni za maji mafu, bahari isiposukuma kwa nguvu, ili tope lishike mbegu kabla bamvua halijarudi. Kwa sehemu za juu geuzeni: pandeni mara tu bamvua likianza, zipate maji kwanza. Na mahali palipo wazi kwa kusi, upepo wa kutoka kusini, msipande miezi ambayo kusi inavuma. Mawimbi yataing'oa yote.

Mchu hauchomekwi. Okota mbegu zilizoanguka, ziloweke kwenye maji siku moja mpaka ganda la nje litoke lenyewe, kisha ziweke juu ya udongo wa kiriba (kifuko cha nailoni cha kuoteshea mche), uzikandamize kidogo bila kuzifukia. Ukizifukia zinaoza. Mlilana una tunda bapa lenye kikombe cha nyota: liache majini siku chache lilainike, lipondeponde, upate mbegu ndogo nyingi za kusia kwenye trei. Kitalu kiwe pale ambapo bamvua linafika lakini mawimbi hayafiki, udongo uwe tope la mikoko lililochanganywa na mchanga, kivuli cha makuti kiwe chepesi, na kiondolewe kidogo kidogo mwezi wa mwisho ili miche izoee jua. Ikifika sentimita 30 hivi inatoka. Siku ya kupanda vueni viriba vyote na mrudi navyo nyumbani. Kumwacha mche ndani ya nailoni kunaifunga mizizi, na kunamwachia kasa mfuko wa kumeza.

Kinachoua baadaye kinajulikana. Vile vikombe vidogo vyeupe, vikali, vinavyoota chini ya ngalawa na kukata miguu, vikijazana kwenye mche vinaulemea hadi unalala. Kuvikwangua kunachubua ganda. Vikiwa vingi ni ishara kwamba mmepanda chini mno, rudini kwenye fimbo zenu. Mwani mwembamba unaojizungusha unatolewa kwa mkono, taratibu. Mbuzi na ng'ombe wanapenda majani ya mchu, na hilo ni la mkutano wa kijiji, kwa sababu uzio wa miti ndani ya maji chumvi hauna maisha marefu.

Halafu hesabu. Wekeni viwanja vitatu au vinne vya mita 10 kwa 10, vigingi pembeni, mhesabu miche hai mwezi wa 1, wa 3, wa 6, wa 12 na wa 24 tangu kupanda. Hesabuni pia ile iliyokuja yenyewe, muiandike kwenye safu yake ya daftari. Taarifa inayosema "tumepanda miche elfu kumi" haijasema kitu. Anayelipa kikundi kwa kila mche uliochomekwa atapata vijiti. Alipe kwa eneo lililobaki kijani baada ya miaka miwili, na kikundi kitaanza chenyewe kuchagua mahali.

Haraka tunayo, na inaeleweka. Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952. Tarehe 25 Aprili 2019 watu wa Mtwara waliambiwa wahame mabondeni wakati kimbunga Kenneth kinakuja. Kikaangukia Msumbiji, jirani kabisa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta mvua zilizoikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam upande wa Kilwa. Mkanda mpana wa mikoko hupunguza nguvu ya mawimbi na hushika udongo, hauzuii mvua wala upepo wa juu, na mkanda huo haukamiliki kwa msimu mmoja. Kwa anayetaka kuanza mwaka huu: tazama kalenda ya mwezi, tafuta bamvua lijalo litakaloangukia siku tulivu, na chonga fimbo mbili.